Kulipangia nanasi siku ya kuvunwa: etefoni shambani Kiwangwa

Ukipita barabara ya Bagamoyo kwenda Msata mwezi wa Desemba, ukifika Kiwangwa huna haja ya kuuliza kama msimu umefika. Mananasi yamepangwa kando ya lami kama matofali, na kila meza ina mtu anayekuita. Siku hizohizo dalali wa soko la Mabibo, Dar es Salaam, anakuambia kwa simu, "Mzee, wewe lete tu, bei tutaangalia hukuhuku." Aliyewahi kupeleka mzigo sokoni anajua "tutaangalia" maana yake nini. Ije Ramadhani sasa, watu wanatafuta tunda la kufuturia, ukienda shambani kwako umesimama na majani matupu.

Njia ya kutoka hapo ipo, nayo ni kichochezi cha ukuaji kinachoitwa etefoni. Naeleza hapa namna ya kukitumia hatua kwa hatua, lakini kwanza tuelewane kinafanya nini. Etefoni inakupa tarehe, basi. Ukubwa wa tunda unatoka kwenye mmea ulivyokuwa siku uliyoweka dawa, na utamu unatoka kwenye jua na subira. Wengi wanaolia kwamba "dawa imeharibu shamba" waliichukulia kama mbolea. Mwaka mmoja na mimi nilikuwa miongoni mwao, nitafika huko.

Mmea unasikia nini

Mnanasi ukiachwa wenyewe hungoja ubaridi. Usiku wa kipupwe, Juni na Julai, joto likishuka na mchana ukifupika kidogo, mmea uliokomaa huacha kutoa majani na moyo wake unageuka kuwa ua. Ndiyo sababu kijiji kizima, hata kama kila mtu alipanda kwa mwezi wake, kinakuja kuvuna pamoja mwisho wa mwaka.

Ndani ya mmea, ujumbe huo unabebwa na gesi iitwayo ethilini. Watu waligundua kazi yake kwenye nanasi kwa bahati. Karne ya 19, katika visiwa vya Azores vya Ureno, mananasi yalilimwa ndani ya nyumba za vioo, ikaonekana kwamba moshi ukiingia humo minanasi inachanua yote kwa mara moja. Mwaka 1932 ndipo utafiti wa Puerto Rico ulipoonyesha kwamba kinachofanya kazi kwenye moshi ule ni ethilini. Etefoni ni gesi hiyo iliyofungwa ndani ya kimiminika chenye asidi kali. Kikiwa kwenye chupa kimetulia. Kikiingia ndani ya mmea, ambako asidi ni ndogo, kinavunjika na kuiachia gesi.

Kucheza na tarehe hakukuanzia kwetu. Wakulima wa cheri huko Marekani hupulizia asidi ya jibereliki, kichochezi kingine cha ukuaji, tunda likiwa na rangi ya nyasi kavu, wiki chache kabla ya kuvuna, ili lichelewe kuiva na liwe gumu zaidi. Na etefoni hiihii wao huipulizia siku chache kabla ya mashine kupita, ili kikonyo kilegee na tunda lianguke kirahisi. Dawa moja, mimea miwili, kazi mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo usichukue maelekezo ya zao lingine ukayaleta kwenye nanasi, hata kama jina kwenye chupa ni lilelile.

Anza na kalenda, chupa baadaye

Kwa joto la pwani yetu, tangu kuweka dawa mpaka kukata nanasi ni miezi mitano hadi sita. Mwaka wako wa kwanza shika siku 165, kisha rekebisha kwa daftari lako mwenyewe.

Tuseme unalenga Ramadhani ya 2027, inayotarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari kutegemea mwandamo. Ukirudi nyuma siku 165 unaangukia tarehe 27 Agosti 2026. Lakini usiweke dawa shamba lote siku hiyo, maana utakuwa umejitengenezea Desemba yako mwenyewe: mzigo wote wiki moja, na dalali yuleyule. Gawa shamba vipande vinne. Cha kwanza weka dawa tarehe 20 Agosti, cha pili 27, cha tatu 3 Septemba, cha nne tarehe 10. Mavuno yatakuja yakifuatana kuanzia mwanzo wa Februari. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu hii nayo irudishe nyuma.

Hapa kuna mtego ambao wachache wanausema. Ukingoja Agosti, kipupwe kimeshapita shambani kwako kabla yako. Minanasi iliyokuwa mikubwa mwezi Juni huenda imeshaitika yenyewe, ila kwa macho huoni kitu, kwani moyo huchukua wiki sita hadi nane kuonyesha wekundu. Ukiiwekea dawa unamwaga pesa, tunda lake litatoka na ya Desemba tu. Kwa hiyo katikati ya Agosti pita kila kipande, panua moyo wa minanasi kumi hivi. Ukiona majani ya katikati yamekuwa mafupi, yamejaa wekundu shinani na moyo umetanuka, huo umekwenda. Funga kamba ya rangi, uache.

Dawa ya mtego huo ni tarehe ya kupanda. Machipukizi yaliyopandwa na mvua za vuli, Oktoba au mwanzo wa Novemba, Juni inayakuta bado madogo kiasi na Agosti inayakuta yana miezi kumi. Yaliyopandwa na masika yatakuwa yameshakua mno yatakapokutana na kipupwe cha mwaka unaofuata.

Mmea uko tayari?

Umri peke yake unadanganya. Kuna mnanasi wa miezi kumi na mbili kwenye kichanga kilichochoka ambao ni mdogo kuliko wa miezi tisa uliopata samadi. Pima jani.

Inama juu ya mnanasi, kusanya majani yote kwa mikono miwili uyasimamishe juu kama unayefunga mganda wa mpunga. (Vaa mikono mirefu. Nanasi letu la Smooth Cayenne halina miiba mingi, lakini ncha za majani zinachoma.) Lile jani linalozidi yote kwa urefu, lishike chini kabisa, lisukume upande mpaka ling'oke na kitako chake cheupe. Liweke kwenye mizani ya jikoni. Likifika gramu 70 hadi 80, mmea huo unaweza kubeba tunda la kilo moja na nusu hivi. Likiwa gramu 50, utapata nanasi la kuuzia watoto wa shule. Rudia kwa minanasi kama kumi iliyotawanyika kwenye kipande, utafute wastani. Huna mizani? Hesabu majani: 35 hadi 40 yaliyo hai ndiyo kiwango.

Minanasi yenye majani yaliyogeuka mekundu na kunyauka kuanzia nchani, yale yaliyoshambuliwa na vidung'ata vyeupe, usiiwekee kitu. Ing'oe.

Acha pia mbolea ya kukuzia mwezi mmoja hadi mwezi na nusu kabla ya dawa. Mmea uliotoka kulishwa naitrojeni bado uko kwenye kukua, unaweza kukupuuza. Utaona chini kwamba urea inarudi kwenye mchanganyiko. Hiyo ni kidogo, kazi yake pale ni kusaidia dawa kupenya, si kulisha.

Kununua

TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ndiyo inayosajili viuatilifu nchini, na vichochezi vya namna hii vinaangukia humo. Mwulize bwana shamba kama chupa unayotaka kununua imesajiliwa na kama nanasi limetajwa kwenye lebo. Angalia lakiri ya kifuniko. Mimi nimewahi kuuziwa, kwenye duka moja la pembejeo, dawa iliyopunguzwa kutoka chupa kubwa na kutiwa kwenye chupa ya maji. Hapakuwa na jina, hapakuwa na tarehe, na kipande kizima hakikuitika hata mnanasi mmoja. Hasara ile haikuwa ya dawa, ilikuwa ya miezi. Dirisha la bei likishafungwa halikungoji.

Soma pia namba ya nguvu. Nyingi huandikwa gramu 480 kwa lita, lakini ziko nyepesi kuliko hiyo. Hesabu inayofuata ni ya 480. Yako ikiwa tofauti, hesabu inabadilika, na lebo ikisema kitu kingine, fuata lebo.

Kuchanganya

Huko Kerala, pwani ya kusini mwa India, ambako joto linafanana na letu, wakulima wa mananasi hutumia mchanganyiko mwepesi mno: miligramu 25 za etefoni kwa kila lita ya maji, pamoja na urea asilimia 2 na chokaa kidogo sana. Kwa bomba la kupulizia la lita 20 inakuwa hivi: etefoni ya nguvu ya 480, mililita 1, urea, gramu 400, chokaa laini ya kalsiamu kaboneti, gramu 8.

Rudia kusoma hapo. Mililita moja, kwenye lita ishirini.

Na hapa ndipo kosa langu liliponikuta. Sisi tumezoea kupima dawa kwa kisoda. Nikajaza kisoda, nikaona hata ni kidogo, nikaongeza kingine "ili ikubali". Kisoda kimoja peke yake kinabeba karibu mara tano ya inayotakiwa. Moyo wa minanasi uliungua, majani machanga yakawa na mabaka ya kahawia, na matunda yaliyokuja yalikuwa na kishungi, yale majani ya juu ya tunda, kidogo kama kidole gumba. Mnunuzi alipoyaona tu akauliza, "Haya yamefanya nini kichwani?" Akatoa bei ya juisi.

Tangu siku hiyo napimia kwa bomba la sindano la duka la dawa, lile la mililita 2, bila sindano yenyewe. Bei yake haizidi soda. Liandike kwa wino na liwe la kazi hiyo peke yake, likae mbali na watoto na jiko.

Utaratibu: tia maji nusu bomba. Yeyusha urea pembeni kwenye ndoo ya plastiki, itakuwa ya baridi mkononi, koroga mpaka punje zote ziishe, kisha imimine. Tia chokaa, koroga. Etefoni iwe ya mwisho, malizia maji. Chokaa inapunguza asidi, kwa hiyo dakika hiyohiyo gesi inaanza kutoka. Mchanganyiko huu haulali. Changanya unachoweza kumaliza ndani ya saa moja au mbili, ukibaki hauna faida kesho. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi na chokaa ya kwake. Nikipata maji ya mvua kwenye simtanki natumia hayo.

Ndoo na kijiko viwe vya plastiki au mti, maana etefoni ambayo haijachanganywa inakula chuma na aluminiamu. Inakula pia macho. Glavu, miwani na mabuti si mapambo wakati wa kufungua chupa. Ikirukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, ukiwa umeishika lebo.

Kuweka dawa

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana. Mnanasi, kwa kuwa asili yake ni kuvumilia ukame, hufanya kinyume: hufunga mchana na kufungua usiku. Kwa hiyo saa nane mchana, jua la utosi, unamwagia mlango uliofungwa. Anza magharibi jua likishazama, au alfajiri kabla halijachomoza. Sisi huanza baada ya swala ya magharibi, taa za kichwani, mmoja anabeba bomba na mwingine anahesabu mistari, na hakuna aliyewahi kusema kazi ile haina raha.

Toa nozeli ya ukungu. Hutaki kulowanisha shamba, unataka kujaza kikombe kilicho katikati ya majani. Kila mnanasi ni mililita 50, sawa na kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa mitaani. Kabla ya kuingia shambani jaribu: minya mpini wa bomba ukielekeza kwenye kikombe hicho, hesabu moja, mbili, tatu, uone kinajaa kwa hesabu ngapi. Hesabu hiyo ndiyo unayotembea nayo. Bomba la lita 20 linatosha minanasi 400. Kwa upandaji wa mistari miwilimiwili, sentimita 30 mmea hadi mmea, 60 kati ya mistari na 90 za njia, ekari moja ina minanasi kama 18,000, yaani mabomba 45. Sasa unaona kwa nini nasema vipande.

Kama ni mara yako ya kwanza, weka dawa minanasi ishirini tu, miezi miwili kabla ya kazi kubwa. Udongo wako, maji yako na chupa yako vitakujibu vyenyewe.

Mvua ikinyesha usiku uleule, kikombe kimesuuzwa, rudia. Mvua ikija kesho yake jioni, acha.

Kabaidi je?

Wazee wengine bado wanatumia kabaidi, mawe ya wachomelea vyuma. Kipande kama nusu punje ya hindi kinaangushwa moyoni penye maji asubuhi na mapema, kinachemka na kutoa gesi ya asetilini, ambayo kwa mmea inafanana na ethilini. Inafanya kazi, sitakudanganya. Lakini gesi hiyo inawaka kwa cheche ndogo tu. Kopo la kabaidi lililopata unyevu ni bomu, na kabaidi ya viwandani huja na uchafu wa arseniki na fosforasi. Kuvuta sigara ukiwa na kopo hilo mfukoni ni kutafuta habari za gazetini. Mimi niliacha.

Kusubiri, na mahali pa kuangalia

Mwezi wa kwanza hutaona lolote, na hapo ndipo wasio na subira wanaporudia dawa. Usirudie. Kati ya wiki ya sita na ya nane panua majani utazame chini: moyo umekuwa mwekundu kama kaa la moto, kisha maua madogo ya zambarau yanaanza kufunguka kutoka chini kwenda juu. Hesabu iliyoitika kwenye kila kipande, iandike. Tisa katika kumi ni kazi nzuri. Ikiwa nusu tu, angalia saa uliyoweka dawa kabla ya kumlaumu mwenye duka.

Nanasi la Ramadhani linakomaa kwenye kaskazi, Januari na Februari, jua likiwa halina huruma. Tunda likiinama upande wa magharibi, shavu lake la juu litageuka manjano ya kuungua, halafu kahawia, na ndani linakuwa kama limechemshwa. Yainue majani marefu ya mnanasi uyafunge juu ya tunda kama kilemba, au ulifunike kwa nyasi kavu. Mtu mmoja anafunga mengi kwa siku kuliko unavyodhani, na hakuna kazi nyingine shambani inayookoa mzigo mwingi kwa gharama ndogo kama hii. Magugu na maji, ukiweza kumwagilia, hayo unayajua.

Etefoni ya mara ya pili, ya rangi

Wapo wanaopulizia etefoni tena, safari hii kwenye tunda lenyewe, siku tano hadi kumi kabla ya kukata, ili ganda lote liwe la dhahabu kwa pamoja na shamba livunwe kwa mkupuo mmoja. Jambo hili lina nafasi yake, na lina ulaghai wake.

Nanasi si embe wala ndizi. Halina wanga wa kugeuza kuwa sukari baada ya kukatwa. Sukari iliyomo siku linapokatwa ndiyo yote utakayopata. Etefoni inafuta ukijani wa ganda tu. Tunda changa ukilipulizia litakuwa zuri kwa macho na kali kwa ulimi, na mama muuza matunda wa Mabibo akishauziwa hilo mara moja, mara ya pili anakata kipande kwanza, tena mbele ya watu.

Kwa hiyo kabla ya kupulizia, kata matunda matano kutoka sehemu tofauti. Macho ya ganda yawe yamelala bapa, safu ya chini imeanza manjano yenyewe, na ukiligonga kwa kidole lisitoe sauti ya debe tupu. Onja nyama ya katikati, si ya chini, kwani chini huwa tamu siku zote. Mwenye kipima sukari atafute nyuzi 12 za Briksi, yaani kipimo cha sukari kwenye maji ya tunda, ndicho kiwango cha chini cha kimataifa kwa nanasi linalouzwa nje. Halijafika? Ngoja wiki. Ukipulizia, lenga ganda, kwepa kishungi, na siku za kungoja kabla ya kukata ni zile zilizoandikwa kwenye lebo, usipunguze hata moja. Mimi kwa soko la Dar sipulizii. Wateja wa huku wameshazoea nanasi lenye ukijani juu na sukari ndani, na wanalitafuta kwa jina la Kiwangwa.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba, kisha itoboe kitako. Ukiiacha nzima, kesho utaikuta dukani ina mafuta ya taa.

Baada ya kukata tunda, acha chipukizi moja tu lenye nguvu kwenye kila shina, mengine yang'oe ya kupandia au kuuza. Hilo limeshapata mizizi ya mama yake, litawahi kukua kuliko la kwanza. Kwa hiyo usilisubiri kwa kalenda ya mwaka jana: anza kulipima jani mapema, na kipupwe kinapokaribia lifuatilie kila wiki.